Wakfu na Mustakabali wa Ihsani Yetu

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje kwa muda wa siku 90, na kabla siku hizo hazijatimia ikadhihirika kwamba huko kusimamishwa kulikuwa ndio mwanzo wa kukatwa. Mwezi wa Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Na tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoasisiwa mwaka 1961, na ambalo jina lake lilikuwa likisomwa juu ya magunia ya nafaka, kuta za zahanati na milango ya magari katika kila pembe ya Afrika ya Mashariki, likakoma kutoa misaada, na kilichosalia katika shughuli zake kikahamishiwa wizarani. Watu waliozoea kupata dawa za virusi vya UKIMWI mahali pamoja kwa miaka mingi walikuta baadhi ya milango imefungwa, na wahudumu waliowajua kwa majina wakawa majumbani hawana kazi.

Mwaka huohuo, tarehe 8 Mei, ilikuja habari ya namna nyingine. Bill Gates alitangaza kwamba taasisi yake itatumia takriban dola bilioni 200 katika muda wa miaka 20, kisha itafunga shughuli zake tarehe 31 Desemba 2045. Na mwezi uliofuata, akiwa Addis Ababa, alisema kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo itatumika katika bara la Afrika. Habari ya kwanza ilileta majonzi na ya pili ikaleta matumaini, lakini zote mbili zina jambo moja ambalo halifai kutupita: aliyeamua kukoma na aliyeamua kuendelea, wote wako mbali nasi, na siku ya mwisho ya msaada imeandikwa, au yaweza kuandikwa, pasipo sisi kuulizwa. Msaada wa namna hiyo, hata uwe mkubwa kiasi gani, hupita kama mapato ya mwaka. Na umma unaotaka shule zake, visima vyake na hospitali zake vidumu hauna budi kujiwekea rasilmali yake wenyewe, isiyouzwa wala isiyoliwa, ambayo pato lake ndilo litakalotumika. Elimu ya jambo hili haitupasi kuiagiza kutoka ng'ambo, maana watu wa pwani yetu wameishi nayo kwa karne nyingi, nayo ni wakfu.

Asili yake inafahamika. Wapokezi wa hadithi wanasimulia kwamba Umar bin Khattab alipata ardhi huko Khaybar, ardhi aliyoiona kuwa ni bora kuliko mali yoyote aliyopata kuwa nayo, akamwendea Mtume kutaka shauri la kuitumia. Akashauriwa, akitaka, aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mavuno yake. Umar akafanya hivyo kwa sharti kwamba ardhi haitauzwa, haitatolewa zawadi wala haitarithiwa, na mavuno yake yatakuwa ya mafukara, jamaa, watumwa wanaotafuta uhuru, wasafiri na wageni. Na msimamizi wake ana ruhusa ya kula kwa wema pasipo kujilimbikizia mali. Katika maneno hayo machache mna sheria yote ya jambo hili: kitu kinachobaki, tunda linalotolewa, watu waliotajwa wanaostahili, na mlinzi aliyewekewa mpaka. Uthman bin Affan naye alikinunua kisima cha Ruma kule Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakiacha wazi kwa kila mwenye kiu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi katika pwani yetu, walizieleza nguzo za wakfu kuwa ni nne: mwenye kuweka, mali inayowekwa, wanaowekewa, na tamko la kuweka. Kwa nguzo hizo nne mtu wa Lamu, Mombasa, Pemba au Bagamoyo aliweza kuifunga nyumba, shamba la minazi, duka au kisima, akataja kwa hati mbele ya kadhi na mashahidi kwamba pato lake liende kwa msikiti, kwa mwalimu wa chuo, kwa kununua sanda za maiti wasio na jamaa, au kwa futari ya mwezi wa Ramadhani. Hawakuwa wanaume matajiri peke yao. Wanawake wengi wa mwambao waliweka wakfu nyumba zao na minazi yao. Na katika hati za Unguja za karne ya 19 wapo mabwana waliowawekea wakfu watumwa waliowapa uhuru, ili wawe na paa la kukaa na ardhi ya kulima ambayo mrithi yeyote hataweza kuwafukuza.

Nafuu ya mpango huu, na hatari yake pia, huonekana vema mtu akiitazama nyumba moja ya wakfu katika Mji Mkongwe wa Unguja au mitaa ya kale ya Mombasa. Nyumba hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za ghorofa zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chini lipo duka, juu wanakaa wapangaji, na kodi yao ndiyo inayolipia mafuta ya taa au umeme wa msikiti, mikeka na maji ya kutawadhia. Fikihi inaamuru kwamba pato la wakfu lianze kwanza kuitengeneza mali yenyewe, ndipo kinachobaki kiwafikie wanaowekewa. Na amri hii haikutolewa bure. Kodi ikiachwa palepale ilipokuwa miaka 30 iliyopita kwa kumstahi mpangaji aliye jamaa au jirani, fedha hazitoshi kununua chokaa; paa lisipopakwa chokaa kwa wakati, maji ya masika hupenya na kuzifikia boriti pale zinapoingia ukutani; boriti zikioza, sakafu hulegea na ukuta huanza kubeta; na siku nyumba inapoanguka, kiwanja kitupu hupata wadai wengi kuliko iliokuwa nao nyumba nzima. Hivyo wakfu iliyowekwa kwa nia safi hupotea pasipo mwizi aliyevunja mlango, kwa sababu ya uzembe wa matengenezo na haya ya kudai kodi ya haki.

Sheria nayo imekuwa mara msaada, mara kikwazo. Mwaka 1894 mahakama ya juu kabisa ya dola la Kiingereza, iliyokuwa ikiketi London, iliamua katika kesi iliyotoka India kwamba wakfu aliyoweka mtu kwa ajili ya kizazi chake, huku masikini wakitajwa kuwa wapokezi wa mwisho kabisa, haikuwa sadaka ya kweli. Na hukumu hiyo ikawa kivuli juu ya wakfu za jamaa katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza. India ilijipatia sheria ya kuzithibitisha mwaka 1913, kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah. Kenya ikangoja hadi mwaka 1951. Wakati huohuo serikali za kikoloni ziliunda makamisheni ya kuzisimamia mali hizi, Unguja na Mombasa, yakaziandika daftarini na kuzitafutia wasimamizi zile ambazo mutawalli wake, yaani msimamizi, amekufa au hajulikani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba na mashamba mengi ya Zanzibar yalitaifishwa, na baadhi ya mali za wakfu zikaingia katika mkumbo huo. Leo Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye sheria yake ya mwaka 2007, na Kenya inao makamishna wake wa wakfu. Na kazi yao iliyo nzito kuliko zote ni kuzitafuta, kuzipima na kuzitengeneza mali zilizosahauliwa.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya Waislamu peke yao. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, pamoja na fedha kronor milioni 10 za Uswidi. Aliyezitoa alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1896. Alfred Nobel aliusia kwamba mali yake, iliyofikia takriban kronor milioni 31, iwekwe kuwa rasilmali, na pato lake lipewe kila mwaka wale walioleta manufaa makubwa kwa wanadamu. Kwa miongo kadhaa rasilmali ile ilipungua thamani, kwa kuwa kodi ya serikali ilikuwa kubwa na sharti la kuwekeza katika dhamana zilizo salama tu likaizuia isikue. Mwaka 1946 ikasamehewa kodi, na mwaka 1953 wasimamizi wakaruhusiwa kununua hisa na majengo. Wala hawakuona aibu, mwaka 2012, kuipunguza tuzo kutoka kronor milioni 10 hadi milioni 8 ili shina lisiliwe, hata hali ilipotengemaa wakaipandisha tena. Umar bin Khattab angeifahamu vema hesabu hiyo, na mutawalli wa msikiti wetu wa mtaani anapaswa kuifahamu pia.

Katika zama zetu imezuka namna mpya inayostahili kutazamwa kwa makini, nayo ni wakfu ya fedha taslimu. Si kila mtu ana nyumba ya kuifunga, lakini wengi wana shilingi elfu kumi. Na zikikusanywa za watu wengi huwa rasilmali. Wanavyuoni walihitilafiana juu yake tangu karne ya 16, wakati mufti mkuu wa dola la Uthmani, Ebussuud, alipoiruhusu na wengine wakaipinga, na Shafii wengi hawakuikubali, kwa hoja kwamba fedha hutoweka kwa kutumiwa. Indonesia, ambayo Waislamu wake walio wengi pia ni wa madhehebu ya Shafii, iliipa nafasi katika sheria yake ya wakfu ya mwaka 2004, na mwaka 2020 serikali ikatoa hati za dhamana zilizonunuliwa kwa fedha za wakfu: mtaji unabaki salama mikononi mwa serikali, na faida yake ikapelekwa katika hospitali ya macho ya Achmad Wardi, mjini Serang. Sisi tuliozoea kuchanga kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na ambao michango yetu ya harusi, matibabu na matanga hukusanyika kwa siku chache ikaisha kwa siku moja, tunayo njia ya kukusanya. Tunachokosa ni desturi ya kuweka sehemu ya mchango isiguswe.

Wapo wenye hoja dhidi ya mali ya kudumu milele, na hoja yao ina uzito. Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyesaidia kujenga shule karibu 5,000 za watoto weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani, aliamini kwamba kila kizazi kina haja zake na matajiri wake, akaagiza mfuko wake umalizwe katika muda wa miaka 25 baada ya kufa kwake. Ukafungwa mwaka 1948. Ni kweli kwamba maradhi yanayoua leo hayangoji faida ya mwaka ujao, na kwamba mtoaji aliyekufa zamani aweza kuwafunga walio hai kwa masharti yasiyo na maana tena. Lakini kiu ya maji, kufundishwa kwa watoto, kuzikwa kwa maiti na matibabu ya fukara si haja za kizazi kimoja. Kwa dharura, mkono na ufunguliwe wote. Kwa haja zisizokwisha, sadaka isiyokwisha ndiyo inayofaa, na umma wenye busara huziweka zote mbili.

Nyenzo za sheria zipo kwa wote, wawe Waislamu, Wakristo au wasiotaja dini. Tanzania Bara wadhamini huandikishwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Na Kenya, tarehe 14 Mei 2024, ilianza hatimaye kuitumia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa mwaka 2013, badala ya ile ya mwaka 1990. Hata hivyo hati na muhuri havimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Wengi wetu tunatoa kwa ajili ya msikiti, kanisa au shule, kisha tunaona ni utovu wa adabu kumwuliza mzee anayeshika daftari. Na mzee mwenyewe, hata akiwa mwadilifu, huondoka duniani na hesabu zikiwa kichwani mwake.

Kwa hiyo kila jumuiya inayotaka kujitegemea na ianze na kitu kimoja kilicho chake: vyumba viwili vya kupangisha, ekari chache za minazi au mikarafuu, au mfuko wa fedha usioguswa ila faida yake. Iandike hati inayotaja mali, wanaostahili na mipaka ya msimamizi, itoze kodi ya soko, itangulize matengenezo, iweke wasimamizi zaidi ya mmoja na kupanga mapema nani atawarithi, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka, wanaume, wanawake na vijana wakiwapo. Misaada ya wageni ikija, ipokewe kwa shukrani na sehemu yake iongezwe katika rasilmali. Ikikatwa tena kwa sahihi ya mtu mmoja aliye mbali, mwalimu atalipwa mshahara wake mwisho wa mwezi, kwa sababu mwenye kumlipa ni jirani yake, naye aweza kumwendea na kumwuliza.