Vitamini D Mtwara: Anza na Tepu ya Fundi Cherehani

Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la kutengeneza vitamini D lipo Januari hadi Desemba, toka Mikindani mpaka Msimbati, na halilipiwi. Hata hivyo, mwenye kitambi akisikia kwamba watu wanene wengi wana upungufu wa vitamini hiyo, mbio anakwenda duka la dawa.

Upungufu upo kweli. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, na mafuta yakiwa mengi damu hubaki na kidogo. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2013, uliohusisha watu wapatao 42,000, ulionyesha kwamba unene ndio unaoishusha. Ushahidi kwamba upungufu ndio unaonenepesha haukupatikana. Kwa hiyo anayenunua vidonge ili kitambi kiishe anatupa hela.

Na moyo je? Marekani watu 25,871 walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, nusu yao wakimeza uniti 2,000 kila siku. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Kwa waliokaribia kisukari kuna nafuu kidogo: majaribio matatu yalipojumlishwa mwaka 2023, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 15 hivi. Hao wazungumze na daktari wao.

Sasa tupige hesabu. Kipimo cha vitamini D kinahitaji maabara yenye mashine yake, na bei ya kimoja inatosha kupima sukari ya kidole mara kadhaa. Tepu ya fundi cherehani ni rahisi kuliko vyote: kiuno cha sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke ni dalili ya kutosha kwenda kupima sukari na presha. Mimi hela yangu ya kwanza ningeiweka hapo.

Kuhusu jua, Wamasai na Wahadzabe waliopimwa katika utafiti uliochapishwa 2012 walikuwa na wastani wa 115, kwa kipimo ambacho wataalamu wengi huona 50 inatosha. Wanashinda nje. Mvuvi wa Msangamkuu naye hivyo hivyo. Karani aliyekaa dirishani asijidanganye, maana kioo huzuia miale inayohitajika.

Sokoni, chagua samaki wenye mafuta: vibua, jodari, dagaa. Wachemshe au wachome, kwani kukaanga hupunguza vitamini na kuongeza mafuta ya kupikia. Kiini cha yai kina kiasi. Korosho, pamoja na sifa zetu zote za Kusini, haina vitamini D, na konzi mbili tatu mbele ya runinga ni nishati nyingi.

Vidonge vina watu wake: wazee wasiotoka ndani, wanaojifunika mwili wote kila watokapo, wagonjwa wa figo au ini, na wanaotumia dawa za kifafa au rifampisini ya kifua kikuu. Hao ndio wapimwe. Mtu mzima wa kawaida anahitaji uniti 600 kwa siku, na asizidishe 4,000 bila daktari. Lebo ikiandika mikrogramu, zidisha kwa 40. Kuna vidonge vya uniti 60,000 ambavyo humezwa kimoja kwa wiki, na mtu akivimeza kila siku kalisi hupanda, figo zikaumia. Muuzaji akikupa kidonge hicho bila kukueleza, mrudishie.