Miwani ya Mtoto Imefichwa Sandukuni: Ni Ukaidi?

Umemnunulia mtoto miwani, naye hataki kuivaa. Je, ni ukaidi? Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipokutana na mwenzetu mmoja wa Kilosa.

Aliuza magunia mawili ya mahindi ili mwanawe wa darasa la 5 aone ubaoni. Baada ya wiki chache mtoto akalalamika kuwa kichwa kinamuuma, akaificha miwani sandukuni. Mama akamchapa kwa kukosa shukrani. Shuleni mtoto akazidi kurudi nyuma.

Tulifuatana nao kwa basi hadi Mikumi kumwona mtaalamu wa macho. Yeye alianza na miwani yenyewe. Aliiweka kwenye lensomita, chombo cha kupima nguvu ya lenzi, akalinganisha na karatasi ya vipimo. Jicho la kulia liliandikiwa −1.00, la kushoto −2.75. Kumbe lenzi zilikuwa zimebadilishwa! Jicho lenye nafuu lilibebeshwa mzigo usio wake, na lile dhaifu likaachwa na ukungu.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na huandikwa kwa hatua za robo: 0.25, 0.50, 0.75. Kwa hiyo kosa dogo tu lina maana.

Unapochukua miwani, usione haya. Omba ipimwe mbele yako, na uulize:

1. Je, nguvu ya kila lenzi ni ile iliyoandikwa kwa jicho hilo?
2. Kama karatasi inataja mhimili, umewekwa sawasawa?
3. Je, vitovu vya lenzi vinaelekeana na mboni za mtoto? Uso wa mtoto si wa mtu mzima.

Karatasi ya vipimo ni yako, itunze.

Nyumbani, mtoto akiwa amevaa miwani, mfunike jicho moja kisha la pili, asome maandishi ya mbali. Jicho moja likiona ukungu, rudini. Miwani mipya huweza kusumbua siku chache za kwanza, lakini maumivu yakiendelea wiki mbili, usingoje.

Lenzi zilirekebishwa. Ndani ya basi la kurudi Kilosa, mtoto alisoma vibao vya barabarani kwa sauti. Mama alimshika mkono, akasema taratibu: "Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaniambia kweli."

Tuwasikilize watoto wetu kabla ya kushika fimbo.