Kisu hupunguza tumbo, hakifundishi kula

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na kwa miaka mingi sisi wakazi wa Eastlands tumeitumia methali hii kuwaonya madereva wa matatu katika Barabara ya Jogoo, vijana wanaotamani utajiri wa usiku mmoja na mafundi wanaolipua kazi. Sijaisikia ikitumiwa mahali ambapo haraka yetu ni kubwa kuliko popote pengine, yaani mbele ya sahani. Msomaji anivumilie leo nilizungumzie jambo hilo, kwa kuwa limeanza kugusa jamaa zetu kwa njia ambayo wengi hatukuitarajia: upasuaji wa kupunguza uzito.

Upasuaji huu si mgeni duniani. Mwaka 1966 Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuufanya baada ya kutambua kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo walipungua uzito. Tangu hapo mbinu zimeboreshwa sana, na siku hizi zipo hospitali za Nairobi zinazofanya kazi hiyo kupitia matundu madogo tu. Aina mbili ndizo maarufu. Katika ya kwanza, daktari huondoa takribani robo tatu ya mfuko wa chakula au hata zaidi, akabakisha kitu chembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko cha takribani mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Wapo wanaodhani kuwa huu ni urembo wa matajiri. Hilo si kweli. Kulingana na mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii, mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 90 anaweza kufikiriwa kwa upasuaji huu hata kabla hajaugua, na mwenye kisukari hufikiriwa akiwa na uzito wa chini ya huo. Wanawake wa kimo na uzito huo ni wengi katika mitaa yetu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, ilhali ule wa 2008-09 ulikuwa umepata asilimia 25. Aidha, hali ilikuwa mbaya zaidi mijini kuliko mashambani.

Maoni yangu ni kwamba tunazungumza mno juu ya kisu na gharama yake, ambayo huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, huku tukisahau kazi inayobaki mgonjwa anaporejea nyumbani. Kisu hupunguza tumbo kwa saa chache. Namna ya kula haina daktari wa kuikata. Hujifunzwa mezani, siku baada ya siku, na hakuna awezaye kujifunza peke yake katika nyumba ambamo wengine wote wanakimbizana.

Haraka yetu ina asili yake. Mitaa kama Makongeni, Kaloleni na Maringo ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mshahara mdogo, na familia nyingi zililelewa katika chumba kimoja au viwili. Palipokuwa na sufuria moja ya ugali na watoto saba, aliyetafuna polepole alilala njaa. Mtoto huyo alikua akaajiriwa Industrial Area, ambako mapumziko ya mchana ni mafupi na benchi la kibanda lina wateja watatu wanaosubiri aondoke. Jioni msongamano wa magari humfikisha nyumbani saa tatu usiku akiwa na njaa ya kutwa, akafakamia sahani nzima macho yakiwa kwenye televisheni. Wataalamu husema ujumbe wa shibe huchukua takribani dakika 20 kufika ubongoni. Sisi humaliza kwa dakika saba na kuongeza sahani ya pili kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema lolote.

Tumbo lililofanyiwa upasuaji halivumilii mwenendo huo. Katika majuma ya mwanzo mgonjwa hunywa vitu vya majimaji tu, kisha huendelea na vyakula vilivyopondwa, halafu vilaini, na ndipo baada ya takribani miezi miwili huanza kurejea chakula cha kawaida. Hata hapo huagizwa aanze na vyakula vya kujenga mwili kama mayai, samaki, maharagwe au ndengu. Atafune kila tonge hadi liwe kama uji. Mlo mdogo umchukue dakika 20 hadi 30. Na asinywe maji pamoja na chakula bali asubiri nusu saa. Ugali mgumu, chapati na nyama ngumu ni mtihani mkubwa, kwa maana hunata au hukwama, na kinachofuata ni maumivu ya kifua na kutapika. Isitoshe, vidonge vya vitamini na madini huwa ni vya maisha. Kutapika kusikokoma nako si jambo la kuvumilia nyumbani, kwani huweza kuunyima mwili vitamini muhimu na kudhuru neva; mgonjwa hana budi kurudi kwa daktari wake.

Mwaka uliopita binti wa shangazi yangu, aishiye Umoja, alifanyiwa upasuaji huu baada ya kusumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu. Miezi mitatu baadaye tulikutana katika sherehe ya mahari ya ukoo huko Kayole. Alipakuliwa kama wengine: pilau, chapati mbili na nyama ya mbuzi. Akatenga vipande viwili vya nyama laini na maharagwe kidogo, akawa anatafuna taratibu. Mjomba wetu mmoja alimtazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti iliyowafikia wageni, "Mwanangu, mbona unachokoachokoa chakula? Ni kibaya, ama wewe ni mgonjwa?"

"La, mjomba, ni kitamu," akajibu kwa heshima. "Siku hizi nakula polepole."

Mzee hakuridhika. Ili kumpoza, dada yetu alimega chapati na kumeza vipande viwili vikubwa. Dakika chache baadaye alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, akitapika, na kufikia jioni uvumi ulikuwa umeenea kwamba ana maradhi ya siri. Aliniambia baadaye kuwa kidonda cha upasuaji kilimuuma siku chache, lakini macho ya watu mezani yanamuuma hadi leo.

Mjomba yule hakuwa na nia mbaya. Amelelewa kuamini kuwa mwili mkubwa ni dalili ya maisha mema na kwamba sahani isiyoisha ni tusi kwa mpishi. Vilevile, kizazi chake kiliishi miaka ya 1990, wakati ambapo mtu akikonda ghafla majirani walinong'ona juu ya UKIMWI. Hata hivyo nia njema haimwondolei mgonjwa maumivu. Mwenyeji akimlazimisha mgeni wa namna hii ale, anampa hatari ndani ya sahani ya ukarimu.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Sehemu ya tumbo inayoondolewa katika aina ya kwanza ya upasuaji ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, na kwa hiyo katika miezi ya mwanzo hamu ya kula hupungua mno. Wengi hudhani wameshinda vita. Muda si muda hamu huanza kurejea, na mfuko mwembamba ambao hukataa ugali hauna uwezo wa kuzuia chai ya sukari nyingi, soda au andazi linalomegwa kidogo kidogo kutwa nzima. Wapo wanaorudisha sehemu kubwa ya uzito kwa njia hii. Kwa waliounganishwa utumbo, sukari nyingi huweza pia kuleta jasho, mapigo ya moyo ya kasi na kizunguzungu. Anayetumia miezi ile ya mwanzo kujenga mazoea ya kula kwa utulivu huwa amejiwekea akiba. Asiyefanya hivyo hubaki na kovu na deni.

Mazoea hayo si mageni kwetu kiasi tunachodhani. Ugali wenyewe ulituwekea kipimo: tonge hufinyangwa kwa vidole, hutobolewa, huchovya mchuzi, ndipo liende kinywani. Tuliupoteza mwendo huo tulipoanza kula kwa pupa. Pale Majengo, Pumwani, Waislamu wengi hufuturu kwa tende na maji, wakaenda kuswali, kisha wakarudi kwenye futari. Mapumziko yale mafupi hulipa tumbo fursa ya kujua kwamba limepata kitu.

Nyumbani kwa binti wa shangazi yangu mambo yamebadilika. Televisheni huzimwa wakati wa mlo, sahani ni ndogo kwa wote, na mwanawe wa gredi ya sita ndiye mlinzi wa saa. Mumewe, ambaye hakuguswa na kisu chochote, anasema mshipi wake umerudi matundu mawili.

Kwa hivyo nazihimiza hospitali zinazotoa huduma hii zimwite mume, mama au yeyote apikaye katika nyumba ya mgonjwa, akae mbele ya mtaalamu wa lishe kabla ya siku ya upasuaji, na mafunzo hayo yaendelee baadaye. Waajiri nao wakumbuke kuwa robo saa ya chakula ni mkopo ambao mfanyakazi huulipa kwa afya yake. Nasi wenyeji wa karamu tujifunze kumpakulia mgeni kidogo, tukamwacha aombe zaidi akipenda. Tukimwona ametua kijiko na sahani bado haijaisha, tumwulize habari za watoto, wala tusimwulize kwa nini hali.