Motokaa Imekufa Mbagala: Nani Jirani Yako?

Kila juma, msomaji mpendwa, watu wa vijiji vyetu huingia Dar es Salaam kwa haja zao. Mmoja anampeleka mgonjwa Muhimbili, mwingine anakwenda Tandika kumwona binti yake aliyejifungua, na mwingine ana magunia yake ya mihogo. Wanaotoka kusini hufuata njia ya Kilwa, nao huanza kuuonja mji pale Kongowe, kisha Mbagala, kisha Mtoni. Wanaotoka Bagamoyo huingia kwa Bunju, Boko na Tegeta, upande wa Kinondoni.

Huko pembezoni ndiko motokaa nyingi hushindwa, wala si uchawi. Gari limetoka mbali na mzigo mzito, likapata upepo wa njia, likaenda vizuri. Sasa linaingia katika msongamano. Linakwenda hatua tatu, linasimama. Hatua tatu, linasimama. Jua juu, lami ya moto chini. Maji ya rejeta yanachemka, na mkanda wa feni uliochakaa unakatika. Mara mnasikia mlio, mnaona mvuke mweupe, na dereva anajisogeza kando bila kusema neno.

Tuseme mambo hayo yamekupata wewe, jua linakaribia kuchwa, na nyuma umemlaza mama yako mgonjwa. Kijijini ulikwisha kuambiwa kwamba mjini kila mtu ni mwizi. Basi unalikumbatia begi lako. Wa kwanza kufika ni vijana watano usiowajua, wamevaa kandambili, nao hawasalimu hata. Moyo unakudunda. Lakini vijana wale wanaweka mabega yao nyuma ya gari na kulisukuma, kwa sababu hapo liliposimama lori lolote lingeweza kulipiga. Mmoja anamfokea dereva asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, maana mvuke wake humchubua mtu uso. Mama akaangaye mihogo kando ya njia anatoa kigoda chake mwenyewe, akaseme, "Mkalisheni bibi hapa, baba, apate hewa." Mzee mwenye kanzu, ametoka kuswali magharibi, anatuma mtoto alete ndoo ya maji. Fundi anakuja na spana zake ndani ya mfuko wa salfeti, na mwenye pikipiki anakimbilia dukani kutafuta mkanda.

Mwishoni vijana watataka fedha ya soda, na fundi atataja bei ambayo huna budi kuipunguza kwa maneno. Wako watu husema kwamba hapo wema umekwisha, imebaki biashara. Mimi sikubaliani nao. Kijana aliyeshinda na njaa na kuuliza ujira wa jasho lake hajakutenda baya, maadamu alianza kusukuma kabla hajakuuliza una shilingi ngapi. Na yule mama wa kigoda hakudai kitu.

Hata hivyo, nisikudanganye. Wezi wako, nao hupenda gari lililokwama. Kwa hiyo mmoja wenu akae na mizigo asiondoke. Simu usimkabidhi mtu. Fundi usimtafute wewe mwenyewe gizani. Muulize mama mwenye meza yake ya biashara hapo, kwa kuwa yeye yuko pale kila siku na anajua nani ni fundi na nani ni mbabaishaji. Usiku ukiwa umeingia na gari halijapona, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa au kituo cha polisi kilicho karibu, au ulizeni parokia. Aibu isiwazuie.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana wetu alisimulia habari za njia kama hiyo, ile inayoteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Twaijua sana, hata pengine hatuisikii tena. Kumbuka mambo mawili tu. La kwanza, aliyesaidia hakuwa wa dini moja na yule aliyelala njiani. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawapatani. Sasa fikiri ni nani aliyekuletea ndoo ya maji Mbagala. La pili, Msamaria alitoa dinari mbili, tena akaahidi kupita tena na kulipa kitakachozidi. Wema wake ulimgharimu fedha, na ulimchelewesha safari. Baba Mtakatifu Fransisko aliirudia habari hiyo katika barua yake Fratelli Tutti ya mwaka 2020, akaipa sura nzima. Na kabla yake, mwaka 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia wasafiri na wahamiaji lilitoa amri kumi za waendesha magari. Ya nne yahusu jambo hilihili, kumsaidia jirani mwenye shida barabarani, hasa aliyepata ajali.

Wazee wetu hawakungoja motokaa ili wajue hayo. Zamani za misafara, Wanyamwezi na makabila mengine waliokuja pwani kwa miguu waliwekeana utani na watu wa njiani. Mtani akiugua safarini, watani wake walimtunza, akifa, walimzika. Na mpaka juzi tu njia hii ya Kilwa ilikuwa shule ya subira. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, magari yalivuka kwa pantoni, na wakati wa masika malori yalizama katika tope kwa siku nyingi. Dereva na utingo wake wangekula nini, kama si chakula cha wanakijiji? Wala usidhani mambo hayo yamekwisha. Mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Somanga, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama.

Lakini kukimbilia gari lenye shida kuna namna mbili. Tarehe 6 Mei 2017 basi la watoto wa shule lilitumbukia korongoni huko Karatu, wakafa watu 35. Wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita waliteremka na kuwaokoa. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wakapelekwa Marekani kutibiwa, na miezi michache baadaye wakarudi nyumbani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu walilikimbilia pia, wengi wao wakiwa na madumu ya kuteka petroli. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Siwacheki marehemu, umaskini wajua kusukuma watu. Bali waambie watoto wako usiku wa leo kwamba lori la mafuta likianguka wakae mbali sana, wasisogee hata kutazama.

Nawe unayekaa kando ya njia, zamu yako itafika. Lori likifa mbele ya nyumba yako, usiwaache watoto wacheze chini yake au wakae kivulini mwake, maana jeki huteleza. Msaidie dereva kukata matawi, yatandikwe barabarani mbele na nyuma ya gari, mbali ya kutosha ili anayekuja kwa mwendo ayaone mapema. Peleka maji ya kunywa na ya rejeta. Kama ni usiku, waonyeshe mahali pa kulala, hata kama ni barazani.

Tena kuna kazi moja ambayo wengi huisahau. Utingo huweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu gari lisirudi nyuma, na likipona huondoka wakishangilia, mawe yamebaki katikati ya lami. Usiku mwenye pikipiki huja, hayaoni. Mtume kijana wako ayaondoe, na yale matawi pia, kabla giza halijaingia.