Mtungi na Tangi la Samaki
Mchana wa jua kali Musoma, Bunda au Butiama, furu waliomo tangini hupanda juu wakitweta. Si njaa, ni hewa. Kwa usawa wa bahari, lita ya maji yasiyo chumvi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 30, hubeba 7.5 tu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hivyo hapa hupungua zaidi.

Dawa ni ile ya mtungi: mvuke huondoka na joto. Badili kifuniko kwa wavu, kisha elekeza feni juu ya maji. Kwa hesabu, lita 1 ikigeuka mvuke huweza kupoza lita 100 kwa zaidi ya nyuzi 5, japo chumba hurudisha sehemu ya joto. Afugaye samaki wa bahari ajazie maji yasiyo chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke.