Je, wajua? Stendi ya randa hupimwa kwa ubao

Ubao wa mninga wenye urefu wa mita 3, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 5, ukiwa umekauka vizuri, una uzito wa karibu kilo 29. Mashine ndogo ya umeme ya kuranda unene, kwa mfano Makita 2012NB, ina kilo zipatazo 28. Fundi anapouingiza ubao huo mashineni, anapitisha mzigo ulio mzito kuliko mashine yenyewe.

Je, wajua kwamba hapo ndipo uchaguzi wa stendi unapoanzia? Fundi anayetaka stendi ya magurudumu kwa kawaida huuliza kama itaweza kuibeba mashine. Itaibeba. Hata meza ya mbao mbili kwa nne iliyokazwa vizuri huibeba bila taabu. Swali gumu ni ubao: utafanya nini kwa stendi pale utakapokuwa umetoka nusu, unaning'inia hewani, na injini bado inausukuma?

Katika mkoa wa Singida swali hili lina uzito wake. Misitu ya miyombo ya upande wa Manyoni na Itigi ni nyumbani kwa mninga, na karakana za mkoa huranda pia misonobari laini inayoletwa kutoka nyanda za juu kusini, ambako kuna shamba kubwa la miti la Sao Hill wilayani Mufindi. Kuna milango, kuna vitanda, kuna madawati. Wakati wa kampeni ya madawati ya mwaka 2016 maseremala wa nchi nzima walikuwa na kazi usiku na mchana. Na kuna mizinga ya nyuki, kwa sababu Manyoni na Itigi ni nchi ya asali.

Mzinga ndio kazi inayoifichua mashine mbovu. Katika mzinga wa vijiti vya juu, nyuki hujenga sega moja chini ya kila kijiti, na kwa nyuki wa Afrika Mashariki kijiti hicho hutakiwa kuwa na upana wa milimita 32. Kikizidi, nyuki huanza kupotosha masega na kuyaunganisha na ya kijiti cha jirani, na mfugaji hawezi tena kukitoa kimoja bila kupasua asali. Mzinga wenye vijiti 28, kila kimoja kikizidi kwa milimita 1 tu, utakuwa umepotea kwa milimita 28, karibu kijiti kizima. Fundi anayeranda vijiti hivyo juu ya stendi inayotikisika anamwachia nyuki kosa lisilorekebishika.

Kwa nini basi mashine isifungwe chini kwa boliti, yakaisha? Zamani zote zilifungwa. Mmarekani William Woodworth alipopata hataza ya mashine yake ya kuranda mwaka 1828, nguvu ya kuzungusha visu ilitoka kwenye gurudumu la maji au injini ya mvuke, ikapita kwenye mikanda. Mashine ya mkanda haihami. Mota ya umeme ndiyo iliyokata kamba hiyo, na katika miaka ya 1980 kampuni ya Kijapani ya Ryobi ikatoa randa ya unene nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu. Tangu hapo mashine imekuwa mali ya kufungiwa ndani usiku na kutolewa nje asubuhi, na hayo ndiyo maisha ya karakana nyingi za barabarani: chumba kidogo, kivuli cha mabati mbele, na kazi inafanyika uani. Anayebeba kilo 28 kila asubuhi na kila jioni atalijua hilo mgongoni kabla ya miaka mingi.

Turudi kwenye ubao. Tuseme stendi ina kilo 20, kwa hiyo pamoja na mashine ni kilo 48, na miguu yake imeachana sentimita 60 kufuata njia ya ubao. Ubao wa mninga wa mita 3 unapita, na hakuna mtu wa kuupokea upande wa pili. Hesabu ya mizani inaonyesha kwamba zikibaki sentimita kama 70 tu za ubao upande wa kuingilia, uzito ulioning'inia mbele unaushinda uzito wa mashine na stendi, na vyote vinaanza kuinamia mbele. Visu wakati huo vinazunguka mara 8,500 kwa dakika.

Tanua miguu hadi sentimita 90, na hatari hiyo inasogea mpaka zibaki sentimita 30. Usipotaka kutanua, piga rafu chini ya stendi na uipakie kilo 40: matokeo ni karibu yaleyale. Na Singida, nchi ya majabali, kilo 40 hazinunuliwi. Jiwe la itale lenye ujazo wa lita 15 lina uzito huo. Likikaa chini karibu na ardhi, linafanya kazi mbili, kuzuia kupinduka na kupunguza mtetemo. Hata hivyo mbao ndefu haziruhusiwi kuning'inia. Kinara chenye rola, cha kimo kilekile cha meza ya mashine, kinatakiwa upande wa kutokea, na kingine upande wa kuingilia kama fundi hana msaidizi. Katika randa ndogo za aina hii meza haisogei, kichwa chenye visu ndicho kinachopanda na kushuka. Kwa hiyo kinara kikishapimwa mara moja hakiguswi tena. Katika mashine kubwa za zamani, ambazo meza ndiyo inayopanda, kila badiliko la unene lingedai kinara kipimwe upya.

Kinara hicho kinaponya pia kidonda ambacho kila seremala anakijua: kibonyeo cha mwisho wa ubao. Ndani ya mashine kuna rola mbili, moja kabla ya visu na moja baada yake. Ubao ukiachwa na rola ya kwanza, unashikwa na moja tu. Ukining'inia, mkia wake unanyanyuka na visu vinauchimba kwa sentimita kadhaa za mwisho. Stendi iliyolegea huongeza kidonda. Ndiyo maana fundi wa mizinga huranda papi ndefu kwanza, akakata ncha, kisha akapata vijiti vyake katikati.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Stendi za dukani mara nyingi huja na vigurudumu vidogo vinne vya kujizungusha, vizuri kabisa kwenye sakafu ya vigae. Lakini uani kuna kokoto, kuna nyufa za saruji, kuna kizingiti. Ukubwa wa gurudumu unabadilisha kila kitu. Kuvuka kikwazo cha sentimita 1, gurudumu la kipenyo cha sentimita 5 linadai msukumo unaozidi kwa theluthi uzito linaoubeba. La sentimita 10 linadai robo tatu ya uzito huo. La sentimita 20 linadai chini ya nusu. Kikwazo ni kilekile, fundi ni yuleyule.

Kuna jambo jingine ambalo vibandiko vya dukani havilisemi. Stendi ya magurudumu manne juu ya ardhi isiyo sawa mara nyingi husimama kwa matatu, la nne likielea. Kwa hiyo uzito wote ugawanywe kwa tatu, si kwa nne, unapochagua nguvu ya gurudumu. Na breki nyingi za vigurudumu hivyo huzuia gurudumu kubingirika lakini haziizuii shingo yake kugeuka, hivyo stendi iliyofungwa breki zote bado hucheza kidogo kila ubao unapoguswa. Uchezaji huo mdogo ndio unaoandikwa juu ya ubao kama mawimbi.

Kwa mazingira ya Singida muundo bora ni ule wa mkokoteni: magurudumu mawili makubwa upande mmoja, miguu miwili ya chuma upande mwingine, na mikono ya kunyanyulia. Ukiinua mikono, mashine inatembea. Ukiishusha, miguu inakanyaga ardhi. Ukitaka utulivu zaidi, magurudumu yenyewe yafungwe juu kidogo ya usawa wa chini wa fremu, yasiguse ardhi mpaka stendi inapoinamishwa, na upande wa magurudumu nao upewe miguu miwili, ili uzito wote wa kazi ubebwe na miguu minne. Fundi wa kuchomelea akipewa engo ya milimita 40 na ekseli moja, ataimaliza bila kuhitaji kitu chochote kutoka ng'ambo. Karakana yenye sakafu laini inaweza kutumia stendi ya kanyagio, ambayo hushusha magurudumu kwa mguu na kuyapandisha tena; ni nzuri, ila viungo vyake huchakaa haraka penye vumbi na mchanga.

Ekseli ielekezwe wapi? Magurudumu yabingirike kwenda kushoto na kulia, si kufuata njia ya ubao. Mashine inausukuma ubao mbele, na msuguano wa kazi usipewe njia rahisi ya kuisogeza stendi.

Kimo nacho kipimwe kwa mtu. Ubao upite karibu na usawa wa kiuno cha anayeusukuma, sentimita 85 hadi 95 kwa wengi, na kwa kuwa meza ya mashine yenyewe imeshainuka kutoka kwenye kitako chake, stendi huwa fupi kuliko meza ya kawaida. Mafundi wengi husahau kuitoa tofauti hiyo, wakaishia kuinua mninga hadi kifuani.

Faida ya magurudumu ambayo Singida inaijua kuliko mikoa mingi ni upepo. Mji uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake ni wa nguvu na wa kudumu kiasi kwamba umekuwa ukitajwa katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Kwa seremala upepo huo ni kipeperushi cha bure. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na la mninga huwasha pua na kubana kifua. Mashine iliyofungwa chini hupuliza takataka zake palepale, hata upepo ukigeuka na kumrudishia fundi usoni. Ya magurudumu inageuzwa mpaka mdomo wa kutolea vumbi uelekee unakokwenda upepo. Barakoa bado inahitajika, na majirani wa upande huo wafikiriwe.

Kinachosahaulika mwisho ni waya. Randa ya wati 1,650 kwenye umeme wa volti 230 huvuta zaidi ya ampea 7, na wakati wa kuwaka huvuta nyingi zaidi. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, ukivutwa mita 30 hadi uani, hupoteza volti kama 10 njiani, na mota hupata joto kwa kazi ileile. Waya wa 2.5 hupoteza karibu 3. Ukunjuliwe wote, kwa maana uliobaki umezungushwa kwenye kibiringo huchemka, na upitishwe upande ambao magurudumu hayatapita.

Kabla ya kulipa, jaribio ni rahisi na halihitaji umeme. Mashine ifungwe juu ya stendi kwa boliti nne, stendi iwekwe mahali palepale itakapofanyia kazi, kisha ubao mrefu na mzito kuliko wote wa karakana uingizwe visu vikiwa vimesimama na kuvutwa kwa mkono hadi robo ya mwisho. Mtu mmoja ausindikize ubao, mwingine apige magoti na kuangalia miguu ya nyuma. Ikiinuka hata unene wa karatasi, stendi irudishwe kwa mchomeleaji ikaongezwe upana.