Mkopo Usioombwa

Msambazaji anapoteremsha maziwa kwenye duka kuu jijini Nairobi, akagongewa muhuri na kuacha ankara, yaonekana biashara imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ameanza kukopesha. Maziwa yatanunuliwa ndani ya wiki, tena kwa pesa taslimu, lakini yeye atangoja siku 60, 90, pengine 120. Tuseme amepeleka pia bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia 16, na ankara yake ni ya Sh1,160,000, kodi hiyo ikiwa ndani. Kwa riba ya benki ya asilimia 15 kwa mwaka, kungoja miezi minne kunamla Sh58,000, ambazo huenda ndizo faida yake yote. Na VAT nayo haingoji: sheria ya Kenya huihesabu hata kama ankara haijalipwa, na kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata serikali inataka chake, baada ya kutoa VAT ambayo msambazaji alilipa kwenye malighafi. Anatozwa kodi ya pesa ambazo hajaziona.

Uzito wa mkopo huu hufichika mpaka duka lianguke. Nakumatt, msururu wa maduka makubwa, ilikuwa imetanda Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, ilikuwa ikidaiwa mabilioni ya shilingi, na wasambazaji walikuwa miongoni mwa wadai wakubwa. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ifungwe. Katika kufunga huko benki yenye dhamana hutangulia, na mwenye ankara tupu hupanga foleni nyuma. Kwa maoni yangu, maduka ya aina hiyo hayakupanuka kwa ujasiri wa wenyewe tu. Sehemu ya matawi yale ilijengwa kwa pesa za watu wa maziwa na mkate.

Wanunuzi husema ni lazima wahakiki kabla ya kulipa, na hapo wana haki: katoni hupungua, maziwa huganda, bei ya ankara hupishana na ya agizo la ununuzi (LPO). Ila kasoro hizo huonekana mzigo unapohesabiwa. Zikiibuka siku ya 89, huo si uhakiki tena, ni kisingizio. Wala ubishi juu ya katoni tatu hauhalalishi kuzuia malipo ya mia mbili. Mkataba ungeweka siku saba za kulalamika, na kisichobishaniwa kilipwe kwa wakati wake.

Watasema pia kwamba msambazaji alitia sahihi mwenyewe. Alitia, kwa kuwa rafu ni ya mwingine. Ndiyo maana mwaka 2019 Kenya iliimarisha Sheria ya Ushindani dhidi ya wanunuzi wanaotumia nguvu zao vibaya, na mwaka uliofuata kampuni ya mtindi, Orchards, ikashinda shauri lake dhidi ya mwendeshaji wa maduka ya Carrefour. Lakini wangapi watathubutu? Uingereza imempa mdai haki ya riba tangu 1998, asilimia nane juu ya kiwango cha Benki Kuu yake, lakini haki hiyo haina maana kwa anayeogopa kuondolewa rafuni. Kwa hiyo mdhibiti asingoje malalamiko. Adai daftari za malipo mapema, duka likiwa bado lina pesa. Mamlaka ya Ushindani iliibana Tuskys, msururu mwingine wa maduka makubwa, kuhusu madeni ya wasambazaji mwaka 2020, wakati rafu zake zilikuwa tayari zinakauka.